Kinyago Kikivunjika, Hasara ni ya Nani?

Mpingo ni mti mgumu kuusoma kwa nje. Shina lake mara nyingi ni fupi, limepinda na lina mifereji, na chini ya gamba kuna tabaka jeupe linaloficha kiini cheusi ambacho ndicho mchongaji anachokitafuta. Kiini hicho ni kizito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama. Lakini unene wake haujulikani mpaka gogo likatwe, na hata likishakatwa, ndani kunaweza kuwa na uwazi, ufa uliojificha, au sehemu iliyooza tangu mti ungali umesimama. Mti wenyewe umekua kwa miongo mingi. Watu wa misitu hutaja miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Mchongaji ananunua gogo kwanza, kisha ndipo anajua amenunua nini.

Halafu anaanza kukata. Uchongaji ni kazi ya kupunguza. Mfinyanzi akikosea huongeza udongo. Mchongaji akizidisha pigo moja la tezo, kilichoondoka hakirudi. Tena mapigo makubwa kuliko yote ndiyo yanayotangulia. Shoka na tezo huamua kichwa kitakaa wapi, mgongo utapinda upande gani, wapi patakuwa na nafasi wazi. Patasi, tupa na msasa huja baadaye, kurekebisha ndani ya mipaka iliyokwisha kuwekwa. Maana yake ni kwamba maamuzi mazito zaidi hufanywa wakati mchongaji anajua machache zaidi kuhusu gogo lake, na anapokuja kulifahamu vizuri, karibu kila kitu kimeshaamuliwa.

Nimeanza na mpingo kwa sababu mazungumzo kuhusu ubunifu hukwama haraka kwenye mawaidha. Thubutu. Usiogope kushindwa. Jitose. Mawaidha hayo yanatia katika kapu moja mambo yasiyofanana, na mara nyingi anayeyatoa siye atakayelipa. Msanii anayeambiwa ajitose ana haki ya kuuliza: nijitose kwenye nini hasa, na nikizama, nani atagharamia?

Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani Frank Knight alitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyaita kwa jina moja. La kwanza ni hatari inayopimika. Kampuni ya bima haijui nyumba ipi itaungua mwaka huu, lakini ina kumbukumbu za nyumba nyingi kwa miaka mingi, hivyo inaweza kukadiria ni ngapi zitaungua na kupanga ada kwa hesabu hiyo. La pili ni kutojua kusikopimika. Tukio ni la peke yake, halina wenzake wa kulinganishwa nalo, na hakuna hesabu inayoweza kusaidia. Knight alisema bima inaweza kubeba lile la kwanza, lakini haiwezi kubeba la pili.

Rudi kwa mchongaji uone yote mawili yakiwa mikononi mwa mtu mmoja. Gogo kupasuka ni hatari ya aina ya kwanza. Mchongaji aliyekaa kwenye kazi ameona magogo mengi. Hana orodha iliyoandikwa, lakini anajua kwa uzoefu kwamba katika kila fungu baadhi yatamwangusha, na bei anayokubali kulipa imeshaweka hasara hiyo ndani yake. Lakini akichonga kiumbe ambacho hakuna aliyewahi kukichonga, hakuna uzoefu utakaomwambia kama kitapata mnunuzi. Hapo amevuka kuingia kwenye aina ya pili, na bei haiwezi kupangwa kwa ajili yake.

Hatua ya pili ya kufungua fundo hili ilichukuliwa na Mwingereza David Pye, mwalimu wa usanifu wa samani jijini London na fundi mzuri wa kuchonga mbao yeye mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 aligawa kazi za mikono katika makundi mawili. Kuna kazi ambayo ubora wa kinachotoka umeshaamuliwa kabla mashine haijawashwa, kama uchapaji wa magazeti. Na kuna kazi ambayo ubora uko hatarini muda wote wa kuifanya, kwa sababu unategemea jicho, mkono na uangalifu wa mtendaji mpaka dakika ya mwisho. Mfano wake wa kazi ya namna hiyo ni wa kawaida kabisa: kuandika kwa kalamu. Wengi wanaomnukuu Pye wanamfanya mtetezi wa hatari, na nadhani wanamsoma vibaya. Yeye alisisitiza kwamba mafundi wa zama zote wamejitahidi kupunguza hatari kwa vielelezo, vizuizi na mistari ya kuongoza chombo. Fundi anayejua kazi yake haipendi hatari hata kidogo. Anaishi nayo, na anaitafutia njia ya kuifanya ndogo.

Kwa hiyo hatari ndani ya kazi ya ubunifu ni gharama, kama bei ya rangi au nauli ya kwenda mjini. Haimfanyi mtu kuwa msanii. Kinachozaa kitu kipya ni kile kingine, kutojua: kuanza kazi ambayo mwisho wake haujaonekana, na kuacha kazi yenyewe ioneshe njia. Sehemu kubwa ya ustadi wa msanii ni kuhifadhi huko kutojua huku akipunguza gharama ya kukosea. Watu wamefanya hivyo kwa njia mbalimbali, na historia ya sanaa yetu ina mifano inayosomeka waziwazi.

Chukua vinyago vya mashetani. Wamakonde wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, wengi wao wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walikuwa wakichonga kwa ajili ya soko sanamu za binadamu: mzee mwenye mkongojo, mwanamke mwenye mtungi, mama na mtoto. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alimpelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, kitu cha namna nyingine. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichonga mtu wa kawaida, mkono ukavunjika, na badala ya kulitupa gogo akaendelea nalo mpaka likawa shetani, kiumbe ambacho hakilazimiki kuwa na mikono miwili. Peera akakinunua, akataka vingine.

Simulizi hiyo hupendwa kwa sababu ya ule mkono uliovunjika, ajali iliyogeuka bahati. Mimi naona uzito uko kwingine. Mikono ya vinyago ilikuwa ikivunjika tangu zamani, na vinyago vilivyovunjika vikaishia jikoni. Kilichobadilika ni mambo mawili yaliyokutana. Kwanza, Samaki alibadilisha lengo badala ya kulilaumu gogo. Sanamu ya binadamu ina masharti: macho mawili, miguu miwili, kimo kinachoaminika. Gogo lenye tundu au tawi lisilo mahali pake linapingana na masharti hayo. Shetani hana masharti hayo. Tundu linakuwa jicho au mdomo, tawi lililopinda linakuwa shingo, ufa unakuwa mpaka kati ya viumbe wawili walioshikana. Mtindo wenyewe ukawa njia ya kulipokea gogo jinsi lilivyo. Mchongaji wa mashetani bado hajui kilichomo ndani ya mti, ila sasa kutojua huko hakumtii hasara, kunampa mawazo.

Jambo la pili ni Peera. Mtalii anayepita hanunui kitu asichokielewa. Anataka akifika kwao kinyago kieleweke mara moja sebuleni. Mfanyabiashara mwenye duka, anayekaa, anayeweza kuweka kazi kwenye rafu mwaka mzima akimsubiri mnunuzi wake, anaweza kununua kitu cha ajabu kimoja na kuona kitafika wapi. Alipolipa, kutojua kama kuna soko kulihama kutoka kwa Samaki kwenda kwake. Hilo ni tendo la kibiashara, na faida alipata, lakini bila tendo hilo sijui kama leo tungekuwa na mtindo wa mashetani. Familia inayosubiri unga haiwezi kungoja mtindo mpya upate jina.

Ukitembea leo kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, utaona hali inavyokuwa pale ambapo hakuna mtu wa kumpokea mchongaji mzigo huo. Tembo, twiga, vichwa vya Wamasai, safu baada ya safu, vilevile vya jirani na vya mwaka jana. Wageni wengine, na hata Watanzania wasomi, hulalamika kwamba wachongaji wamekosa ubunifu. Naona lawama hiyo si ya haki. Mkono unaoweza kuchonga tembo hamsini waliofanana ni mkono hodari sana. Mchongaji amefanya hesabu iliyo sahihi: gogo amelinunua kwa fedha yake, siku ni zake, kodi ya kibanda ni yake, na tembo huuzika. Kurudia ndiyo bima pekee aliyonayo.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kuchagua malighafi ambayo kuiharibu hakuumizi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa vyuo. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa kujengea na rangi za kung'aa zinazopakwa kwenye baiskeli. Watu huyataja mambo hayo kama dalili za umaskini wake, na kweli hakuwa na fedha, lakini angalia yalimpa nini. Ubao ukiharibika, hasara ni ndogo. Unaweza kujaribu leo, ukajaribu tena kesho. Rangi ile hukauka ikiwa na mng'ao na haipendi kuchanganywa kwa upole, basi ukakua mtindo wa rangi kali, mistari mizito na wanyama waliojaza ubao mzima. Miaka yake ya kuchora haikuwa mingi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mtu mwingine. Lakini katika muda huo mfupi aliacha njia ambayo wanafunzi wake waliifuata, na ambayo bado inalisha familia nyingi. Nao, kama wenzao wa Mwenge, wengi hurudia kinachouzika, kwa sababu zilezile.

Sauti nayo ina malighafi yake. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, wimbo ulichorwa kwenye nta ukiwa unaimbwa. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu na kitu. Mpiga udi akiteleza, hakuna kukata na kuunganisha. Ni kuanza upya kwenye nta nyingine au kuliacha kosa lisikike milele. Hiyo ni hatari ya Pye kwa ukamilifu wake, na waimbaji waliikabili kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani mazoezi ya miaka mingi mbele ya wasikilizaji wa Zanzibar. Ile nyingine, ya kutojua kama santuri za Kiswahili zitapata wanunuzi, iliibeba kampuni. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara: kila upande ulibeba kile ulichokiweza.

Kijana anayetengeneza mdundo kwa kompyuta leo hana nta ya kuogopa. Akikosea anabonyeza kitufe na kosa linafutika kana kwamba halikutokea. Ungetarajia basi kazi iwe nyepesi, na kwa mkono imekuwa nyepesi kweli. Lakini kutojua hakukupungua. Kila uamuzi unaweza kutenguliwa, hivyo hakuna uamuzi unaokwisha. Faili zinaongezeka, matoleo yanafika kumi na zaidi, na wimbo hautoki. Wasanii wengine hujiwekea wenyewe mipaka ambayo zamani iliwekwa na vyombo: vyombo vinne tu, siku mbili tu, kurekodi sauti kwa mkupuo mmoja. Wanarudisha hatari kidogo ili iwalazimishe kuchagua. Hapo nakubali kwamba hatari ina kazi yake.

Ushairi unafundisha kitu ambacho mpingo haufundishi. Gogo likivunjika, kila mtu anaona limevunjika. Lakini zipo kazi ambazo tatizo lake ni kwamba hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kuzipimia. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, akiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, hakukabiliwa na swali la kama mashairi hayo ni mazuri. Aliulizwa kama ni mashairi. Washairi wa mapokeo walishikilia kwamba vina na mizani ndivyo vinavyotenganisha shairi na maneno mengine, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Nyuma yake kulikuwa na karne za Mombasa, Lamu, Pemba na Tanga, na sikio lililofunzwa kusikia kosa la silabi moja. Mtu anayejaribu kubadilisha kipimo chenyewe hawezi kujitetea kwa kipimo hicho. Anapaswa kungoja wasomaji wengine wazaliwe, na huenda wasizaliwe. Mabishano yale yalidumu miaka mingi. Leo mwanafunzi wa sekondari Kenya au Tanzania anafundishwa mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani, na mashairi huru ndani ya somo lilelile, bila mwalimu kupandisha sauti.

Wakati huohuo, kwa mwelekeo ulio kinyume, kulikuwa na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali, na mwaka uliofuata akafungwa. Alikaa gerezani miaka 3, sehemu kubwa akiwa peke yake, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya arudhi, yenye vina na mizani iliyonyooka. Huyu aliweka maisha yake rehani kwa yale aliyoyasema, lakini umbo alilolitumia lilikuwa la uhakika kuliko yote ambayo Kiswahili kinayo.

Ukiwaweka wawili hao pamoja unaona kwamba maneno "mwandishi aliyethubutu" hayatoshi. Kezilahabi aliweka hatarini umbo. Abdilatif aliweka hatarini mwili wake, na hatari yake aliijua vizuri, kwa kuwa jela haina fumbo. Tena sidhani ni nasibu kwamba aliyekuwa kifungoni alishika arudhi. Bahari za ushairi, yaani maumbo yake ya kimapokeo, zimepangwa ili zikae kichwani: kina kinaita kina, mizani inakuambia neno gani limepotea. Kwa mtu asiye na hakika kama karatasi yake itaonekana na askari asubuhi, hilo ni ghala. Msanii hawezi kuacha kila kitu kielee kwa pamoja; pale anapolegeza upande mmoja, mara nyingi hukaza mwingine.

Yote haya yanarudi kwenye nani analipa. Katika uchapishaji wa Kiswahili, kitabu chenye uhakika wa soko ni kile kilichoteuliwa kusomwa shuleni. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam anajua hivyo, na hawezi kulaumiwa kwa kutaka kulipa mishahara ya watu wake. Lakini matokeo yake ni kwamba riwaya huandikwa ikimtazama mwanafunzi na mtihani, mambo yanayoweza kumkera mteuzi yakiondolewa kabla hayajaandikwa, na mswada wa ajabu unarudi kwa mwenyewe ukiwa na barua ya heshima. Kutojua kumeondolewa kwenye meza ya mchapishaji, na kurundikwa kote kwa mwandishi.

Tuzo zimesaidia. Ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imepokea miswada ambayo haijachapishwa, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2022 imeamsha watu ambao walikuwa wameyafungia maandishi yao kabatini. Nafurahi kwamba zipo. Hata hivyo tuzo huja mwishoni. Mwandishi ameshakesha, ameshaacha vibarua, ameshakopa. Kisha mmoja au wawili kati ya wengi wanarudishiwa. Aliyekuwa hana uwezo wa kukesha hakuandika, na hakuna jopo la majaji litakalojua kwamba alikuwepo.

Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na mtawa Jean Pruitt, ilifanya kazi kwa mpangilio mwingine. Ilitoa mahali pa kukaa, vifaa, na mlango wa kuuzia, kabla ya kujua nani atatoa nini. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufunzwa kuchonga tangu utotoni, alifika hapo miaka ya 1970. Akiwa na vifaa ambavyo hakulazimika kuvinunua, alitoka kwenye mti akaingia kwenye rangi, akiwachukua mashetani wa mpingo na kuwafanya wacheze, wale, wagombane katika rangi za kung'aa. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Walikuwapo wengine wengi ndani ya nyumba ileile ambao majina yao hayakwenda mbali. Fedha ya aina hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi sasa, ya mwanzo kuliko ya mwisho: miezi sita ya mwandishi, studio ya mwaka mmoja, ubao na rangi. Na yeyote atakayeitoa, serikali, kampuni au tajiri mwenye mapenzi, akubali tangu siku ya kwanza kwamba kazi nyingi hazitafika popote, na kwamba hawezi kuambiwa mapema ni zipi.